UZI: MX-5 yenye injini ya Honda K24 kwa mbio za saketi za ridhaa – tujadili kabla sijakata vyuma

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuinuka, injini 1.6, usukani kulia. Bodi iko vizuri, kutu si ya kutisha, na kapeti, redio na viti vimeshatoka. Nataka niifanye gari ya mbio za ridhaa za saketi: magari kibao uwanjani, dakika ishirini hadi thelathini bila kupumzika, kona nyingi. Sitafuti gari ya kuonyeshana kwenye mstari ulionyooka.

Injini niliyoichagua ni Honda K24. Najua wapo watakaosema weka V8 umalize kazi, na wapo wa turbo. Karibuni wote, nitukaneni kwa adabu.

Sababu zangu hizi. B6, yaani hiyo injini ya 1.6 niliyonayo, ilitoka kiwandani na farasi kama 115 na toki (nguvu ya kusokota) ya Nm 136 hivi. K24A2 iliyokuja kwenye Acura TSX ya 2004 ilitangazwa farasi 200 na Nm 225, bila turbo. Ujazo cc 2354, tundu la silinda mm 87, mwendo wa pistoni mm 99. Bloku na hedi zote ni alumini, wakati bloku ya Mazda ni chuma cha kusubu. Kwa hiyo unaongeza karibu ujazo wote wa injini ya pikipiki kubwa na pua ya gari haizidi kuwa nzito kwa kiasi cha kukukosesha usingizi.

Sababu ya pili watu huisahau: upande wa kuzunguka. Injini za Honda za zamani, ukoo wa B, D na H, huzunguka kinyume na injini nyingi duniani. Ukoo wa K unazunguka upande wa kawaida. Ndiyo maana unaweza kufunga nyuma yake giaboksi ya gari inayosukumwa na matairi ya nyuma bila kujikuta na gia moja ya kwenda mbele na tano za rivasi.

Ninachotaka kutoka kwenu si pongezi. Nitajieni mahali ambapo gari za namna hii hufia. Kupata injini ni rahisi, kumaliza mbio ndiyo kazi.

---

Mzee wa Spana

Kijana, umeanza na injini kama wenzako wote. Umesoma kitabu cha kanuni za daraja unalotaka kukimbia? Kama hujasoma, funga uzi urudi baadaye.

Na kabla hawajaja wale wa "mnaharibu gari ya kihistoria": mchezo huu una umri kuliko wao. Mwaka 1962 Carroll Shelby alichukua AC Ace, gari nyepesi ya Kiingereza, akaitia V8 ya Ford, ikawa Cobra. Miaka miwili baadaye ikaja Sunbeam Tiger, ni Alpine iliyotiwa V8 ya Ford vilevile. Lotus Elise nayo ilianza na injini ya Rover, ikaishia na ya Toyota, na hayo yalifanyika kiwandani. Bodi nyepesi ya huyu, injini nzuri ya yule. Hakuna dhambi hapo.

Dhambi ni kujenga gari ambayo haina daraja.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Mzee shikamoo. Nimekisoma, tena K24 imetoka humo. Ngoja nieleze, maana hapa ndipo uzi wote ulipo.

Madaraja mengi yanayoruhusu swapu, yaani kubadili injini na ya gari nyingine, hayahesabu ujazo wa injini. Yanahesabu uzito kwa farasi: gari inapimwa na dereva ndani, nguvu inapimwa kwenye daino (mashine ya kupima farasi), unagawanya. Tuseme daraja linataka usipungue kilo 6 kwa kila farasi, na gari yangu mimi nikiwa ndani ina kilo 1,050. Naruhusiwa farasi 175, basi. Nikija na 300 ama nabeba vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito hadi gari iwe lori, ama napelekwa daraja la juu nikapambane na watu wenye bajeti na matairi nisiyoyaweza.

Sasa hapo wengi wanakosea hesabu. Ukiruhusiwa farasi 175, swali la maana ni: unazo 175 kuanzia mzunguko wa ngapi hadi wa ngapi?

Farasi 175 ni kilowati kama 130. Nguvu ni toki mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9549. Kwa toki ya Nm 225, injini inafika kilowati 130 ikiwa 5,500 hivi. Toki ya K24 hushuka kidogo kabla ya hapo, kwa hiyo sema inafika baadaye kidogo. Kuanzia pale unaibana: ama kwa ramani ya throtoli ya umeme, ama kwa sahani yenye tundu dogo kama kanuni zinataka hivyo. Nguvu inakaa bapa mpaka 7,000. Kule juu, ili kutoa farasi zilezile 175, unahitaji Nm 177 tu. Injini inatembea imelegea.

Mwenzangu mwenye 1.8 iliyochongwa hedi na kamshafti kali anapata 175 kwenye ncha moja karibu na 7,500, chini ya hapo anahangaika na gia. Karatasini tuko sawa. Tukitoka kwenye kona ya gia ya tatu hatuko sawa hata kidogo.

Kuna waandaaji walioliona hilo zamani, wanachukua wastani wa nguvu kwenye eneo fulani la mizunguko badala ya kilele. Ndiyo maana Mzee anasema usome kitabu kwanza, tena kile cha mwaka huu.

---

Moshi Mweupe

Hesabu nzuri mkuu, ila mimi bado nasema LS, ile V8 ya Chevrolet. Bloku ya alumini, kamshafti moja ndani ya bloku kwa hiyo hedi ni fupi, boneti inafunga. Lita 5.7 ukiibana hadi farasi 175 itadumu mpaka wajukuu. Bapa unayoitafuta utaipata kuanzia mizunguko 3,000.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Mkuu, nakubali hoja ya bapa, na LS ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Lakini haiji peke yake. Inakuja na giaboksi yake nzito, difu ya gari nyingine, drivshafti nene, rejeta kubwa, breki kubwa, na subfremu (fremu ndogo za chini) mpya mbele na nyuma.

Halafu kuna ule mhimili mrefu wa alumini wa MX-5 unaounganisha giaboksi na difu, wale wa Mazda wanauita PPF. Ndio unaoshika pua ya difu isiinuke unapokanyaga mafuta. Ukiweka giaboksi ya gari nyingine, PPF inatoka, na difu unaitengenezea mashiko mapya. Kwenye swapu ya K unaweza kubaki na giaboksi ya Mazda kwa kuweka sahani ya kuunganishia kati ya bloku na kengele ya giaboksi. PPF inabaki, propela inabaki, lever ya gia inatokea tundu lilelile. Hiyo ni miezi ya kazi nimeiokoa.

Kwa daraja la juu, lisilo na kikomo cha farasi, ningekuja kukuuliza wewe.

---

Bush Mpya

Naweka kambi hapa. Difu ya 1.6 itavumilia?

---

Mzee wa Spana

Haitavumilia. Magari ya 1.6 yalitoka na difu ndogo, ya inchi 6. Mwaka 1994 ilipokuja 1.8 wakaweka ya inchi 7, na baadhi ya hizo zina Torsen, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Tafuta hiyo kamili, na drivshafti na propela yake. Usinunue pua peke yake ukadhani umepata.

Na uwiano wa difu uuchague kwa hesabu. Mleta uzi, piga hesabu hapa hadharani, vijana wajifunze.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Haya. Tairi 205/50 R15 lina kipenyo kama mm 586, mzingo mita 1.84. Giaboksi ya gia 5 ya MX-5 ina uwiano wa 3.136, 1.888, 1.330, 1.000 na 0.814. Injini ikiwa 7,000:

Difu ya 4.3, gia ya nne inaishia kilomita 180 kwa saa. Difu ya 4.1 inaishia 189, na gia ya tatu 142. Difu ya 3.636 inaishia 213 kwenye nne na 160 kwenye tatu.

Kwa 1.6 ya zamani, 4.3 ilikuwa sawa kabisa, injini ndogo inataka kusaidiwa. K24 ina toki ya kutosha, haihitaji msaada huo. Ukiiachia 4.3 utabadili gia katikati ya kona ambazo ungezipita na gia moja. Kila kubadili gia ni muda injini haisukumi, na ni pigo jingine kwa giaboksi ambayo haikutengenezwa kwa Nm 225. Inabadilika kwa raha sana ile giaboksi, lakini gia zake ni nyembamba. Nafikiria kuanza na 4.1 kwa sababu inapatikana na Torsen, nikishajua saketi zangu nitaamua.

Kuna pia gia 6 ya kizazi cha pili. Ni ngumu zaidi, ila gia zake zimebanana na zingefaa injini isiyo na toki. Nikiwa na K24 nyingi zingekuwa za mapambo.

---

Dada Wayaringi

Hamjambo humu. Nimesubiri mtu aguse waya, naona wote mmeruka. Swapu nyingi nilizoletewa zikiwa "zimekamilika, bado waya tu" ziko nusu ya safari.

K24 inahitaji kompyuta inayojua kuendesha vitu viwili tofauti. Kuna VTEC, ambayo inabadili kutoka mbonyeo mdogo wa kamshafti kwenda mkubwa, na kuna VTC, ambayo inazungusha kamshafti ya intake mbele au nyuma muda wote. VTEC ni kuwasha na kuzima, kompyuta yoyote inaweza. VTC inataka kompyuta isome sensa ya kamshafti, ilinganishe na krenki, irekebishe shinikizo la oili kila wakati. Ukinunua kompyuta ya bei nafuu isiyoweza hilo, umetupa sehemu kubwa ya ile toki ya katikati mleta uzi anayoisifia. Hondata K-Pro, Haltech, Link, zote zinafanya kazi hiyo, na MegaSquirt za matoleo ya karibuni pia. Chagua ile ambayo fundi wako wa daino anaijua. Kompyuta nzuri kwa fundi asiyeijua ni boksi tu.

Waya wa gari: usiunganishe wayaringi wa Honda na wa Mazda uliochoka. Gari ya mbio inahitaji vitu vichache: stata, pampu ya mafuta, feni, taa, waipa, kompyuta, geji. Chora upya yote kwenye karatasi kubwa, kila waya na fyuzi yake na unene wake. Utashangaa ni kilo ngapi za waya utazitoa.

Ethi sasa, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye chasi. Injini imekaa juu ya maunti za mpira. Bila ethi nene kutoka bloku kwenda chasi, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, na njia nyingine mara nyingi ni kebo ya throtoli. Nimeona kebo iliyoungua kwa sababu hiyo. Weka ethi mbili, moja ya bloku na moja ya hedi.

Na swichi kuu ya kuzima: wengi wanakata betri tu. Injini ikiwa inazunguka, alteneta inaendelea kuilisha, swichi umezima na gari inanguruma. Tumia swichi yenye viungo vya ziada vinavyokata na alteneta, au ile ya umeme inayozima kila kitu. Mkaguzi ataijaribu injini ikiwa inawaka.

---

Mkaguzi wa Paddoki

Ninaijaribu kweli. Dada amesema vema.

Nakagua magari kwenye mbio za ridhaa, nitasema yale yanayowarudisha watu nyumbani na gari mpya juu ya trela. Gari za swapu zina tatizo lao maalumu: mwenye gari amemaliza akili na fedha kwenye injini, usalama umefanywa wiki ya mwisho.

Kizimba, au keji kama mnavyoita. Wengi wanafuata Nyongeza J ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kifungu cha 253. Bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi, nguvu ya kustahimili kuvutwa isipungue N 350 kwa mm ya mraba. Tao kuu ni mm 45 kwa unene wa 2.5, au mm 50 kwa 2.0. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji na bomba la samani niliyaona, tena yamepakwa rangi nzuri sana. Waandaaji wengine wana kanuni zao, fuata za kwako, lakini usiende chini ya hapo kwa kubana matumizi.

MX-5 haina paa. Kaa kwenye kiti na helmeti kichwani, fundi apige mstari kutoka juu ya tao kuu hadi juu ya nguzo ya kioo. Helmeti ikivuka mstari huo, kiti kishuke au tao lipande. Fanyeni hivyo kabla ya kuchomelea.

Kiti cha FIA 8855-1999 na mkanda wa 8853-2016 vina maisha ya miaka 5. Lebo ina tarehe. Siangalii kama mkanda unang'aa, naangalia lebo. Kifaa cha kushika shingo kivaliwe. Robert Hubbard na Jim Downing walianza kukitengeneza miaka ya 1980, na Formula 1 ilikifanya cha lazima mwaka 2003. Hakuna sababu ya dereva wa ridhaa kukikwepa leo.

Na kwenye swapu naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: ukuta kati ya injini na dereva. Mnaukata kupitisha waya na mabomba, halafu matundu ya zamani yanabaki wazi. Moto unapitia hapo. Ziba kwa bati, si kwa tepu.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Mkaguzi, ahsante. Nimenukuu post yako nzima kwenye daftari.

Niseme la oili, maana ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Kwenye kona ya 1 g, yaani nguvu ya pembeni sawa na uzito wa gari, uso wa oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) unalala nyuzi 45. Matairi laini ya mbio yanazidi hapo. Kwenye kona fupi haina shida, oili inarudi. Kwenye kona ndefu, hasa ile unayoingia huku bado unafunga breki, oili yote iko kona moja ya sampu na mdomo wa pampu uko kona nyingine. Pampu inavuta hewa. Shinikizo linashuka kwa sekunde mbili, beringi za koneti zinakula chuma kwa chuma, na wewe husikii kitu kwa sababu ya helmeti na ekzosi. Injini inakufa mizunguko kumi ya saketi baadaye kwenye mnyoosho, unalaumu Honda.

Isitoshe, sampu ya Honda haiingii kwenye MX-5. Subfremu ya mbele na raki ya usukani ziko njiani. Kwa hiyo lazima sampu mpya, na hapo pana nafasi ya kuifanya vizuri tangu mwanzo: vizuizi ndani, vyenye vilango vinavyofunguka upande mmoja ili oili iingie kuelekea pampu isitoke. Na chupa ya akiba ya oili yenye shinikizo, inayosukuma oili ndani pale pampu inapokosa.

Pampu yenyewe pia. Ile ya K24A2 imeungana na shafti za kusawazisha mtikisiko. Kwa barabara ni raha, kwa mizunguko ya juu mfululizo si rafiki. Wajenzi wengi wanaiondoa na kuweka ya K20A2, ndugu yake wa lita 2.0, isiyo na shafti hizo. Injini itatikisika zaidi. Kwenye gari isiyo na kapeti nani atajua.

Dada Wayaringi, kompyuta inaweza kuzima injini shinikizo likishuka?

---

Dada Wayaringi

Inaweza, na iwe hivyo. Usiweke kiwango kimoja. Weka jedwali: mizunguko midogo, shinikizo dogo linaruhusiwa, mizunguko mikubwa linatakiwa kubwa. Chini ya mstari kwa nusu sekunde, kata. Kupoteza mbio moja ni nafuu kuliko bloku.

Na rekodi data. Panga shinikizo la oili sambamba na g ya pembeni. Ukiona linazama kila ukipita kona ileile, sampu haijatosha, usisubiri mlio.

---

Moshi Mweupe

Turbo kwenye ile 1.6 basi? Farasi 175 zinapatikana kirahisi.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Zinapatikana mkuu. Kwa mizunguko mitatu ya saketi. Baada ya hapo ni mjadala wa joto, na ekzosi nyekundu sentimita chache kutoka kwa kila kitu cha mpira.

---

Mzee wa Spana

Usimcheke, maana na wewe una joto lako. K24 ikitoa kilowati 130, kwa makadirio ya kifundi kiasi kinachokaribia hicho kinaingia kwenye maji. Hiyo rejeta ya 1.6 uliyonayo ilijengwa kwa gari ya kwenda ufukweni.

Watu wananunua rejeta nene ya alumini, wanafunga, gari inachemka, wanafunga feni ya pili, inachemka. Feni haina kazi gari ikiwa kasi ya 150. Tatizo ni hewa. Hewa ni mvivu, ikipata upenyo wa kupita kando ya rejeta itapita hapo. Tengeneza bati kutoka mdomo wa bampa hadi ukingoni mwa rejeta, pande zote nne, ziba kwa sponji ngumu. Mwanga usipite.

Halafu hewa itoke. Ikijazana nyuma ya rejeta, ile ya mbele haiingii. Boneti ikatwe matundu, lakini yakae nyuma tu ya rejeta, mahali hewa ya juu ya boneti ina mnyonyo. Wale wanaoinua boneti kwa washa (pete za chuma) karibu na kioo cha mbele wanafanya kinyume: chini ya kioo ndipo shinikizo liko juu, hewa inaweza hata kuingia badala ya kutoka. Inapendeza kwenye picha.

Maji ni maji tupu na dawa ya kuzuia kutu. Saketi nyingi hazitaki kizuia kuganda, kikimwagika lami inakuwa sabuni. Kifuniko cha bar 1.1 kinasogeza mchemko mpaka karibu nyuzi 120, lakini kifuniko hakipoozi kitu, kinakuongezea muda tu.

Na umesema usukani uko kulia. K ikikaa kwa urefu, ekzosi inatokea kulia. Shafti ya usukani iko wapi?

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Mzee, hapo ndipo palipo na ugomvi. Shafti ya usukani inapita hapohapo. Kwa usukani wa kushoto ni rahisi, ekzosi inashuka bila kuuliza. Kwa kulia unahitaji manifoldi iliyokunjwa maalumu, na hata ukiipata, joint ya usukani inakaa jirani na bomba la moto. Mpango wangu ni kufunga kitambaa cha joto kwenye bomba, na bati la kukinga katikati likiwa na pengo la hewa pande zote mbili. Bati lililogusana na bomba si kinga, ni bomba la pili.

Breki nimeziacha mwisho ila si kwa udogo. Diski za mbele za 1.6 ni mm 235, za 1.8 ni 255. Gari ya kilo 1,050 ikiwa kasi ya 180 ina nishati ya megajuli 1.3. Ikiwa 210 ina 1.8. Umeongeza kilomita 30 tu, breki zinabeba zaidi ya theluthi juu. Kwa hiyo 1.8 ndiyo kiwango cha chini, pedi za mbio, na mabomba ya hewa yanayopuliza katikati ya diski, si usoni, maana diski ikipozwa upande mmoja inapinda. Oili ya breki DOT 4 mpya kwa kanuni haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kiwango ni 155 tu. Tofauti hiyo ndiyo pedali inayoenda sakafuni. Mimi nitabadili kabla ya kila wikendi ya mbio.

---

Bush Mpya

Na habu za mbele? Nimesikia hazidumu kwenye MX-5 za saketi.

---

Mkaguzi wa Paddoki

Umesikia sawa. Kwa matairi yanayoshika, beringi za habu za mbele ni kitu cha kubadili kwa ratiba. Nikishika tairi juu na chini nikalitikisa na likacheza, gari haitoki. Beba habu nzima ya akiba kwenye trela.

---

Gia ya Tatu (mleta uzi)

Imeingia kwenye orodha. Hatua inayofuata: bloku tupu na hedi tupu, bila chochote ndani, nazining'iniza kwenye kreni na kuziteremsha mahali pake na giaboksi ikiwa imefungwa. Hofu yangu ni boneti. Bloku ya K24 ni ndefu kwenda juu kuliko ya K20. Mnapimaje nafasi bila kukisia?

---

Mzee wa Spana

Bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya kava la valvu, sehemu tano sita, vinene kuliko nafasi unayotegemea. Funga boneti mpaka ibane loki, usiiegemeze tu. Fungua, kata kila kidonge katikati kwa wembe, pima unene uliobaki. Kumbuka injini inainama kwenye maunti ukikanyaga mafuta, upande mmoja unapanda. Upande huo uuachie nafasi zaidi. Fanya vivyo hivyo kati ya sampu na raki ya usukani, ukiwa umezungusha usukani mwisho hadi mwisho.

Na usichomelee maunti hata moja kabla manifoldi ya ekzosi haijakuwa mkononi.